Kudra si Kichaka: Dhidi ya Usomaji wa Kukata Tamaa wa Al-Inkishafi

Umezuka mtindo miongoni mwa baadhi ya wahakiki na walimu wetu wa kuifasiri Al-Inkishafi, kazi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, kuwa utungo wa kukata tamaa. Mwanafunzi hufunzwa kwamba dunia ni hadaa, kwamba Pate ilianguka kwa kuwa Mungu alitaka ianguke, na kwamba binadamu hana la kufanya ila kungoja kaburi. Wapo pia wahakiki wa mrengo wa kitabaka ambao huupokea usomaji huo kama ulivyo, kisha wakaulaani utungo wenyewe kwa kueneza kasumba. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimepotoka, na kosa lao ni moja: zimechanganya mauti na hukumu.

Tuanze na matini yenyewe. Ni kweli kwamba sehemu yake mashuhuri zaidi ni ile ya magofu. Taa zilizong'ara zimezimika, na vidaka vilivyopambwa kwa vyombo vya kauri vimekuwa malazi ya makinda ya ndege. Hapa mauti hayabagui. Hiyo ndiyo kudra, na mtunzi haibishi. Lakini utungo haukomei hapo. Nafsineni anauhimiza moyo wake uache dhuluma na ushike haki, ili moto wa Jahimu usiupate. Kisha anausawiria Siku ya Kiyama, ambapo dhalimu na aliyedhulumiwa watahukumiwa. Je, nani huliusia jiwe? Kuonya ni kukiri kwamba anayeonywa anaweza kugeuka. Ikiwa moyo huo hauna hiari, basi mawaidha yote ni porojo na Jahimu yenyewe ni uonevu, rai ambayo mtunzi huyu mcha Mungu asingeikaribia hata kidogo.

Patakuwa na wa kudai kwamba tunamtwika mtunzi fikra za kisasa. Sivyo. Suala la kudra na hiari lilijadiliwa na wanazuoni wa Kiislamu karne nyingi kabla yake, na mafundisho ya Kiash'ari, yaliyoenea sana miongoni mwa Washafii, yalishika njia ya kati: Mungu huumba tendo, binadamu hulichuma. Waswahili nao wana kauli yao: mchuma janga hula na wa kwao. Mchumaji ndiye mwenye kuulizwa.

Historia nayo inashuhudia. Pate haikuangushwa na radi. Ilidhoofishwa na ugomvi wa kuwania utawala, na katika mwongo wa 1810 iliungana na Wamazrui wa Mombasa kuishambulia Lamu, ikashindwa vibaya huko Shela. Lamu ikatafuta ulinzi wa Oman, na nguvu za Pate zikazidi kufifia. Tunakiri kwamba mtunzi hasimulii vita hivyo, wala hatudai kwamba aliandika tarehe ya mji. Hata hivyo, anatuonyesha wakuu wakitembea kwa maringo kabla ya kutuonyesha makaburi yao, na mpangilio huo si wa bahati nasibu.

Kwa nini basi ubishi huu una uzito? Ni kwa sababu darasani ndimo raia hufunzwa kusoma. Jengo lililojengwa kwa saruji haba linapowaangukia wapangaji, husemwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo ni faraja njema matangani. Yakitoka kinywani mwa mwenye jengo, ni kichaka cha kujifichia hisabu. Msomaji aliyefunzwa kwamba Al-Inkishafi ni utungo wa kusalimu amri atayapokea na kunyamaza. Aliyeusoma hadi mwisho atauliza ni nani aliyedhulumu na ni nani aliyedhulumiwa.

Tunapendekeza, kwa hivyo, kwamba ufundishaji wa utungo huu usikatizwe magofuni. Mwanafunzi na afikishwe mpaka penye mizani. Siku ya kufa mtu hapangi mwenyewe. Alichochuma kabla ya siku hiyo ni chake, na ndicho atakachoulizwa.