Kukaa kundi moja si kusoma pamoja

Msomaji mpenzi, Jumapili kama ya leo ukipita Kamakis, pale Ruiru ambapo Eastern Bypass inakutana na barabara kuu ya Thika, moshi wa nyama choma ndio unaokukaribisha. Siku moja keti uwaangalie vijana wa pale wakifanya kazi. Mmoja anakata nyama na kupima kilo. Mwingine yuko kwenye jiko la makaa akigeuza mbavu. Wa tatu anasonga ugali, wa nne anakatakata nyanya na vitunguu vya kachumbari, naye wa tano anazunguka na birika la maji ya kunawa. Mchomaji akizembea, kachumbari tamu haitamwokoa yeyote. Mteja ataondoka na njaa yake, na jioni wote watakuna vichwa.

Sikuanza na nyama kwa sababu ya njaa. Nimeanza nayo kwa kuwa ni katika meza moja ya pale ambapo jirani yangu, mama wa watoto wawili, alinimwagia dukuduku lake. Binti yake yuko gredi ya 7 katika shule moja ya huku kwetu. Mwalimu aliwagawa wanafunzi katika makundi ya watu sita, akawaagiza watengeneze chujio la maji machafu kwa kutumia mchanga, kokoto na makaa. Jirani akaniambia kuwa watano walilala. Binti yake alikesha hadi saa tano usiku, na mama akiwa kando yake akishika gundi na mkasi. Siku ya kutuzwa alama, wote sita wakapewa alama sawa.

"Wewe unayeandika magazetini," akaniuliza, "hii ni elimu ama ni kubebana? Jumatatu naenda kwa mwalimu. Ama amtoe mwanangu katika hilo kundi, ama nimhamishe shule."

Msomaji wangu, sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta.

La kwanza nililogundua ni kwamba jirani yangu haoti. Mhandisi mmoja wa kilimo kule Ufaransa, Maximilien Ringelmann, aliwapa watu kamba wavute, kwanza mmoja mmoja, kisha wakiwa pamoja. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka wa 1913, alionyesha kuwa kadiri kundi lilivyokua, ndivyo kila mtu alivyopunguza bidii. Watu wanane walivuta karibu nusu tu ya nguvu ambayo ungetarajia ukijumlisha nguvu ya kila mmoja wao. Mahali ambapo jasho la mtu halionekani, wengi hushika kamba tu bila kuivuta. Ikiwa hivyo ndivyo walivyo watu wazima, itakuwaje kwa watoto wa miaka 12?

Je, basi turudi kule tulikotoka? Mimi nilisoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ule ulioanza mwaka wa 1985 na ambao mtihani wake wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Nakumbuka vyema siku ya kufunga shule. Tulipangwa mistari uwanjani, majina yakasomwa kuanzia nambari moja hadi mkia. Nakumbuka pia jinsi nilivyojifunza kuandika huku nimeukunja mkono wa kushoto kuzunguka daftari, ili jirani wa dawati asione jibu. Rafiki yangu akishindwa, mimi nilipanda nafasi moja. Fikiria hilo, msomaji. Tulifundishwa kufurahia kuanguka kwa mwenzetu, kisha tukaambiwa tukue tujenge taifa kwa moyo wa harambee!

Hali kama hiyo ndiyo aliyoikuta mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka wa 1971 katika mji wa Austin, jimbo la Texas, Marekani. Watoto wazungu, weusi na wale wa asili ya Meksiko walikuwa wamewekwa shule moja baada ya miaka mingi ya kutenganishwa kwa rangi, na badala ya kuzoeana wakawa wanapigana. Aronson na wanafunzi wake wa chuo kikuu waliketi darasani wakatazama. Waliwaona watoto waking'ang'ana kunyoosha mikono, kila mmoja akiomba moyoni aliyechaguliwa akosee, ili yeye apate nafasi ya kung'ara.

Dawa waliyoibuni ilikuwa rahisi ajabu. Waliligawa darasa katika vikundi vya watoto watano au sita, kisha wakaukata somo vipande vipande. Ikiwa somo lilikuwa maisha ya Eleanor Roosevelt, mtoto mmoja alipewa utoto wake, mwingine ndoa yake, mwingine kazi zake za baadaye. Hakuna aliyekuwa na somo zima. Kwanza, waliopewa kipande kimoja kutoka vikundi mbalimbali walikutana wakakichambua pamoja. Halafu kila mtoto alirudi kwenye kikundi chake akawafundisha wenzake. Mwishoni kila mmoja alifanya mtihani peke yake, na wa somo zima.

Katika kikundi kimojawapo kulikuwa na mvulana ambaye Kiingereza hakikuwa lugha ya nyumbani kwao. Alipobabaika, wenzake walimcheka. Msaidizi wa Aronson hakuwachapa wala kuwahubiria. Aliwakumbusha tu kwamba kumcheka hakutawasaidia kukijua kipande alichokuwa nacho, na mtihani ulikuwa unakaribia. Taratibu walianza kumuuliza maswali ya kumsaidia aseme, na muda si muda wakagundua kuwa yule waliyemwona mjinga alikuwa na akili zake timamu. Alikuwa amekosa tu mtu wa kumsikiliza.

Ndugu zetu wasomi wengine wameyaongezea haya. David na Roger Johnson, watu wa tumbo moja waliofundisha katika Chuo Kikuu cha Minnesota, wamesema kwa miaka mingi kwamba kundi halistahili kuitwa la ushirikiano mpaka watoto wategemeane kwelikweli, kila mmoja awajibike kwa sehemu yake, wazungumze ana kwa ana, wafundishwe namna ya kusikilizana na kupingana kwa heshima, na baadaye wajiulize walivyofanya kazi. Naye Robert Slavin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alilipatia dawa lile suala la alama. Kila mtoto anafanya jaribio peke yake, na analolileta kwenye kapu la kundi ni kiasi alichopanda kutoka alama zake za awali. Hivyo aliyezoea 30 akipata 45, amelisaidia kundi pakubwa, na yule wa 90 hana sababu ya kumdharau.

Hapa Kenya jambo hili si geni. Mwaka wa 1998 mradi wa SMASSE, uliofadhiliwa na Japani kupitia JICA, ulianza katika wilaya tisa kuwafunza walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari waache kuhubiri ubaoni, wawape wanafunzi kazi za mikono. Nao mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba ambao kila mtoto anapaswa kuupata. Lakini kuandikwa katika mtaala ni jambo moja, na kutendeka darasani lenye watoto wengi na mwalimu mmoja ni jambo jingine.

Sasa turudi kwa jirani yangu. Jumatatu alienda shuleni kama alivyoapa. Mwalimu, ambaye ni kijana mtulivu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akawaita wale watoto sita, akamuuliza kila mmoja alifanya nini katika mradi ule. Wawili walisema hawakujua la kufanya. Wawili walikiri kuwa walicheza. Wa tano, mvulana ambaye mamake huuza makaa kando ya barabara, alinyamaza kwa muda. Halafu akasema kwamba Jumamosi alifika kwenye lango la mtaa wao na mfuko wa makaa aliyoyaponda mwenyewe na kuyaosha. Askari wa lango alipiga simu ndani, kisha akamwambia mwenye nyumba amesema msichana anasoma, asisumbuliwe.

Jirani yangu aliniambia hayo kwa sauti ya chini. Simu ile ni yeye aliyeipokea. Alidhani ni watoto wa kurandaranda. Mradi ambao binti yake "aliufanya peke yake" ulikuwa umefanywa na watu wawili, yeye mama akiwa mmoja wao, na yule mtoto aliyejua makaa kuliko wote alikuwa amefungiwa nje.

Hakumhamisha mwanawe. Mwalimu naye alikubali kosa lake. Alikuwa amewapa watoto kazi moja bila kuigawa, na alama moja bila kuuliza nani kafanya nini. Siku hizi vikundi vyake vina watoto wanne, kila mmoja ana sehemu yenye jina lake, na wakimaliza yeye humwita yeyote amtakaye aeleze kazi yote. Asiyeweza kueleza, kikundi kizima hurudi kumfundisha. Wazembe hawajaisha, maana uvivu hauna dawa ya siku moja, lakini angalau sasa wanaonekana.

Msomaji mpenzi, nawe mzazi una sehemu yako. Mtoto akileta kazi ya kundi nyumbani, muulize swali moja kabla ya kutoa pesa za kadibodi: "Sehemu yako ni ipi, na ya wenzako ni ipi?" Akikosa jibu, mwandikie mwalimu. Usishike mkasi. Ukishika mkasi, unamwibia mwanao na wenzake watano. Wakitaka kukutana kwako, wafungulie lango, hata wa viatu vilivyotoboka. Na ikiwa mwanao ndiye mwerevu wa kundi, usimwonee huruma anapomweleza mwenzake jambo mara tatu. Muulize mwalimu yeyote atakwambia kuwa somo hulielewi barabara mpaka siku unapolazimika kumfundisha mwingine.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, jiulize usiku wa leo: katika kundi lenu mimi ni mvutaji, ama nimeshika kamba tu? Na je, kuna mwenzangu ambaye hafanyi kazi kwa sababu sisi hatujawahi kumpa?

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hata vidole viwili havitamvunja chawa kimoja kikiwa kimelala, wala kimoja kikimsukuma mwenzake pembeni.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.