Sawa Hakuko Sawa

Yapo majina mawili ya Eritrea ambayo Mswahili akiyasikia lazima ageuke: Shida na Sawa. La kwanza ni la makubazi ya plastiki waliyovaa wapigania uhuru, na sanamu yake kubwa imesimamishwa katikati ya Asmara. La pili ni la kambi ya jeshi karibu na mpaka wa Sudan, ambako vijana wa nchi hiyo hupelekwa mafunzoni. Miongoni mwa waliovaa hayo makubazi walikuwamo wanawake wengi. Binti zao leo wanaolewa mapema ili wasiione Sawa.

Jeshi la ukombozi la EPLF, lililopigana na Ethiopia, lilipoingia Asmara Mei 24, 1991, karibu thuluthi moja ya wapiganaji wake walikuwa wanawake. Hawakuwa wapishi wa kikosi. Walishika bunduki, waliendesha magari, walitibu majeruhi. Mwanzoni mapenzi kati ya wapiganaji yalikuwa marufuku kabisa. Mwaka 1977 ikatoka sheria ya ndoa: mwanamume na mwanamke waoane kwa hiari yao, bila mahari, bila mitara, na Muislamu akimpenda Mkristo asiwepo wa kuwatenganisha. Maharusi walipewa likizo fupi, kisha kila mmoja akarudi handakini, mara nyingi katika kikosi chake mbali na mwenzake. Aliyeshika mimba alipelekwa nyuma ya mstari. Mtoto akishapata walezi, mama anarudi vitani. Ilikuwa ndoa ngumu, lakini mume alichaguliwa na mwanamke mwenyewe, si baba wala mjomba.

Amani ilipokuja, mama mkwe naye akaja. Mwanawe amerudi salama, alhamdulillahi, lakini huyu aliyerudi naye ni nani? Ukoo wake haujulikani, dini yake pengine nyingine, miaka kumi amelala milimani na wanaume, na kahawa hajui kuimimina raundi tatu kama ada inavyotaka. Talaka zikafuatana. Wanaume ambao vifaru vya Ethiopia havikuwatisha walisalimu amri mbele ya mama zao, wakaoa wasichana waliobaki nyumbani. Aibu hiyo ni yao, na imesemwa kidogo mno.

Mwaka 1995 serikali ikatunga sheria ya kulitumikia taifa jeshini kwa lazima, miezi 18, wanawake kwa wanaume. Kwenye karatasi huo ndio usawa uliopiganiwa. Lakini vita vya mpakani na Ethiopia vilivyozuka 1998 viliigeuza miezi kuwa miaka, na vilipokwisha mwaka 2000 miaka haikurudi kuwa miezi. Tangu 2003, mwaka wa mwisho wa sekondari unasomewa Sawa kwenyewe. Anayetaka cheti cha darasa la 12 sharti apitie kambini.

Kwa mazoea, mwanamke aliyeolewa au mwenye mtoto hapelekwi jeshini. Basi mkae pale nyumbani na binti wa darasa la 10 anapopiga hesabu. Akiendelea na shule, kuna basi la Sawa linamngoja. Amekwishasikia habari za maofisa wanaowageuza kuruta kuwa vijakazi na zaidi ya vijakazi. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa imeyaandika hayo. Akiolewa, anaacha shule, anabaki. Baba ambaye angependa mwanawe awe daktari anaanza kumtafutia mchumba. Hatumlaumu baba huyo wala binti yake. Tunaishangaa serikali iliyozaliwa na jeshi la wanawake, ambayo leo imeifanya ndoa ya haraka kuwa ndiyo pahali pa kujificha.

Asmara itajibu kwamba mpaka hauna amani. Hoja hiyo tuliisikiliza kwa miaka mingi. Julai 2018 viongozi wa Eritrea na Ethiopia walikumbatiana, wakatangaza kuwa hali ya vita imekwisha, na hata hapo walioko jeshini hawakurudishwa makwao. Sasa mvutano na Addis Ababa umerejea na hoja imepata pumzi mpya. Lakini askari asiyejua atatoka lini hufikiria mpaka kwa namna nyingine: wa kuuvuka usiku kuelekea Sudan.

Hatudai wanawake wasamehewe jeshi. Waeritrea walishathibitisha kwamba wanaliweza, na kuwarudisha jikoni kwa jina la huruma ni kuwatukana. Tunachodai kimo katika sheria ya Eritrea yenyewe: miezi 6 ya mafunzo, miezi 12 ya kazi, kisha nyumbani. Serikali iitekeleze kama ilivyoiandika, iwafikishe mahakamani maofisa wanaowadhulumu kuruta, na darasa la 12 lirudishwe shuleni.