Kuchora Nchi Inayobadilika

Mara nyingi somo la kuchora katika shule za msingi hugeuzwa kuwa kipindi cha mapumziko. Mwalimu huchora nyumba na mnazi ubaoni, nao watoto hunakili. Hata hapa Morotonga, mbali na pwani, mtoto aweza kujaza daftari lake minazi ambayo hajapata kuiona. Kwa maoni yetu, mtoto huyo hajafundishwa kutazama, na asiyetazama hawezi kuchora.

Funzo twaweza kulipata visiwani Zanzibar. Mchoraji John da Silva aliyachora kwa miaka mingi majengo ya Mji Mkongwe wa Unguja, huku mvua, uchakavu na ujenzi mpya vikiubadilisha mji huo. Thamani ya kazi kama hiyo yazidi pambo la ukutani. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini heshima hiyo haikuzuia sehemu ya jumba la Beit-al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ukuta ukishaanguka, mchoro wa mtu aliyeutazama kwa makini huwa ushahidi.

Watakuwapo watakaouliza: Zanzibar ina majumba ya kale, sisi tuna nini? Jibu liko karibu. Katika majabali ya Moru, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, zimo picha za ngao zilizochorwa na Wamasai kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Wamasai walihamishwa kutoka humo mwaka 1959. Picha zao zimebaki zikishuhudia kwamba waliishi pale.

Nchi yetu nayo yabadilika. Bati lachukua nafasi ya nyasi, mashamba yaingia vichakani, mji wa Mugumu wapanuka. Hivyo twawashauri ninyi walimu watarajiwa: watoeni watoto nje ya darasa. Kila mmoja achague mti, jabali au nyumba, achore mwanzoni mwa mwaka na tena mwishoni, kisha aeleze kilichobadilika na sababu yake. Rangi za dukani si lazima. Mkaa, chokaa na udongo mwekundu vyatosha. Kila mchoro uandikwe tarehe, uhifadhiwe shuleni.

Na wakati wa kusahihisha, msiulinganishe mchoro wa mtoto na ule wa ubaoni. Ulinganisheni na kitu chenyewe alichokitazama.