Umbo la Chuma Si Uimara Wake

Shafti ya mashine ya kukamua alizeti inapokatika katikati ya msimu, mwenye mashine wa Kiomboi hukimbilia kwa fundi wa kuchomelea. Fundi huiunga, mashine huzunguka, na mara nyingi baada ya siku chache shafti hukatika tena, si pale palipoungwa bali pembeni yake. Wenye haraka humlaumu fundi kwa uzembe. Ukweli ni kwamba pale pembeni chuma kilishika moto mkali kisha kikapoa ghafla, kikawa kigumu lakini rahisi kuvunjika, na mvutano uliobaki ndani yake ukaendelea kukila kimyakimya.

Jambo hilo lafaa kukumbukwa sasa, maana ipo mitambo inayochapa vipuri vya chuma kwa mwali wa leza. Unga wa chuma hutandazwa, tabaka jembamba kuliko unywele, leza ikauyeyusha panapotakiwa, kisha tabaka jingine likafuata, maelfu kwa maelfu. Kwa vitu vidogo kazi hiyo imefaulu: tangu mwaka 2016 ndege za abiria zinaruka na injini za LEAP zenye vinyunyizio vya mafuta vilivyochapwa hivyo. Ni rahisi basi kudhani kwamba mtambo mmoja pale Singida utamaliza adha ya kungoja vipuri kutoka ng'ambo.

Wazo hilo linavutia, ila limeruka hatua. Kipuri kikubwa kilichochapwa ni sawa na kipande kilichochomelewa kote, toka chini hadi juu. Kila tabaka linapopoa hunywea, na lile la chini lililokwisha kupoa hulizuia. Kipande kinapokuwa kikubwa mvutano hulimbikizana, hata kingo zikajikunja na kung'oka kwenye bamba, au chuma kikapasuka kabla kazi haijakwisha. Hata kikitoka kizima, huenda ndani mna vitundu visivyoonekana kwa macho, na katika shafti inayozunguka kutwa kitundu ni mwanzo wa ufa. Ndiyo maana wenye mitambo hiyo hukitia kipuri katika tanuri ili kulegeza mvutano, kisha hukipiga eksirei. Leza ni nusu ya kazi tu, tena si nusu iliyo ngumu.

Nusu ya pili haihitaji kungoja leza. Kuipasha shafti joto kabla ya kuiunga, na kuizika katika majivu makavu ipoe polepole, kunawezekana Kiomboi leo.

SIDO iliundwa mwaka 1973, TIRDO mwaka 1979, zote kwa ajili ya viwanda vya nchi hii. Fedha yoyote itakayotengwa kwa mtambo wa leza ianze kununua tanuri zenye vipimo vya joto na vifaa vya kukagua nyufa kwa karakana za wilaya. Nao walimu wa ufundi wafundishe chuma kilivyo ndani, si kuunga tu. Mwanafunzi aanze na shafti ile ile iliyokatika mara ya pili: aikate, aisugue mpaka ing'ae, aitazame kwa hadubini.