Gari la Mmarekani Lililobebwa Kichwani

Wiki iliyopita kijiweni kwetu kulizuka ubishi mkali kushinda hata ule wa Simba na Yanga. Mshikaji mmoja alitua na picha za makumbusho madogo ya huko Marekani. Chevrolet na Cadillac za miaka ya 1950 zimeng'arishwa mpaka unaweza kujitazama ukinyoa ndevu, pampu za petroli za kizamani, mabango ya Coca-Cola, santuri, yaani we acha tu. Akauliza, "Nyie watu wa Tabora mna nini cha Kimarekani cha kuonyesha, zaidi ya kofia za mtumba?" Watu wakaangua kicheko. Mimi nikawa kimya, maana moja nilikuwa nimeivaa.

Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka Kwihara. Ni karibu tu na mjini, lakini vijana wengi wa Tabora hawajawahi kufika, nami nilikuwa mmoja wao. Pale pana tembe walilokaa Stanley na Livingstone, ambalo limejengwa upya na kufanywa makumbusho. Paa bapa, kuta nene, ndani ramani na nakala za barua za zamani. Ukipita mbio mbio unamaliza kabla dereva wako hajamaliza soda yake. Mimi sikupita mbio mbio.

Stanley alitumwa na gazeti la Marekani, New York Herald, kumtafuta Livingstone. Alifika Unyanyembe tarehe 23 Juni 1871, na baadaye mwaka huo akaingia Ujiji bendera ya Marekani ikitangulia mbele. Februari 1872 wakarudi wote wawili Kwihara. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi, mzee wa watu akabaki peke yake mpaka tarehe 25 Agosti akisubiri wapagazi. Ila huyo Mmarekani mwenyewe kazaliwa Wales, na jina lake la kuzaliwa ni John Rowlands. Kwa hiyo hata Mmarekani wetu alikuwa wa mtumba!

Sasa tuje kwenye gari. Msidhani nawazuga, lilikuwepo.

Stanley kaandika mwenyewe kwenye kitabu chake. Alipokuwa Unguja akijiandaa kwa safari, alikaa akapiga hesabu za kisomi. Punda anabeba mgongoni frasila nne. Je, akivuta? Akabuni gari lake, upana inchi 18, urefu futi tano, ili lipenye kwenye vijia vyetu vya mbuzi. Magurudumu mawili aliyoyafunga yalikuwa ya gari jepesi la farasi la Kimarekani. Kwa hesabu zake punda mmoja angevuta frasila nane, mzigo wa wapagazi wanne wenye nguvu. Dili hilo! Wanne wanapungua, chakula cha wanne kinabaki.

Msafara ukatoka Bagamoyo Machi 1871, mvua za masika zikaja, matope, mito imejaa. Punda wakaanza kufa mmoja mmoja. Siku moja, kabla hata hawajafika Ugogo, Stanley alikuwa anawangoja wa nyuma waliochelewa. Mara akaona jamaa mmoja anakuja, gari zima zima liko kichwani. Magurudumu, ekseli, mikono ya kuvutia, bodi, vyote. Jamaa alikuwa ameshagundua kwamba kulibeba ni nafuu kuliko kulivuta. Stanley alikata tamaa hapo hapo. Likasukumwa katikati ya matete, likaachwa.

Hapo ndipo nilipokaa ukutani pale Kwihara nikawaza sana. Jina la yule jamaa sisi kijiweni hatulijui. La Shaw, Mwingereza aliyesafiri nao na aliyekuwa anaugua ugua njia nzima, tunalo. Lakini aliyetatua tatizo la usafiri siku ile ni yule wa kichwani. Frasila mbili ndio mzigo wa kawaida wa mpagazi, yaani kilo 32 hivi, miezi mitatu kutoka pwani mpaka hapa. Siku akiugua, mzigo unahamia kwa mwenzake. Hao ndio Cadillac za barabara hii, jamani, na wengi walikuwa babu zetu Wanyamwezi.

Walichobeba je? Kwa sehemu kubwa nguo za Kimarekani! Pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyofumwa viwandani Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem. Waswahili wakaiita merikani. Kwenye njia ile ndiyo ilikuwa pesa. Unalipia hongo kwa mtemi, unanunulia mtama, unalipia mishahara. Stanley alikadiria yadi 40 kwa siku kulisha watu 100. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na shuka moja nzito aliyoiita merikani mpaka anafariki, na mimi miaka yote nilidhani anatamka vibaya jina la nchi. Kumbe nguo ilianza kujulikana Unyanyembe kabla Chicago haijajulikana kijiweni.

Kwa hiyo mshikaji, jibu lako hilo. Vitu vya Kimarekani vilitufikia zamani, ila vilikuja vimekaa juu ya mabega yetu. Na mimi ningekuwa na sauti pale Kwihara ningeomba kitu kimoja tu: gari la Stanley litengenezwe upya, inchi 18 kwa futi tano, liwekwe uani. Vipimo viko kitabuni. Kila mgeni ajaribu kulivuta, halafu ajaribu kulibeba.

Nikirudi mjini nilipita kwa fundi mmoja wa mikokoteni, nikampa vipimo. Akapima inchi 18 kwa shubiri zake, mbili kasoro. Akanitazama.

"Linapita wapi hili?"

"Njia ya Bagamoyo, masika."

Akacheka mpaka akaweka nyundo chini. "Kijana, hapo usinipe hela yako. Nunua ngata."