GARI LETU: Soma Kwanza, Mimina Baadaye

Ndugu msomaji, magari mengi yanayobeba abiria kati ya Kibiti, Bungu na Nyamisati ni ya zamani. Baadhi hayana klachi. Gia zake hubadilika zenyewe. Tunayaita magari ya otomatiki. Leo tuzungumze juu ya oili ya giaboksi ya magari hayo.

Oili hii ina kazi gani? Kazi zake ni tatu. Inalainisha vyuma. Inapoza joto. Tena ndiyo inayosukuma na kubana sahani za ndani ili gari liondoke. Oili isiyo ya aina yake huweza kuzifanya sahani ziteleze. Zikiteleza, zinaungua. Mwisho wake injini inanguruma, lakini gari haliendi. Abiria wanachelewa boti ya Mafia. Mgonjwa anakwama njiani. Na giaboksi ni ghali.

Kosa kubwa ni kuchagua oili kwa rangi. Mtu hufika dukani akasema, “Nipe oili nyekundu.” Rangi ile hutiwa kiwandani tu, ili oili hii isifanane na oili ya injini. Oili mbili za aina tofauti zaweza kuwa nyekundu sawasawa.

Basi utajuaje aina inayofaa? Soma! Chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, ukifute kwa kitambaa safi. Kwenye Toyota nyingi za zamani, aina ya oili imeandikwa hapo. Huenda ukaona T-IV. Alama IV ni nne ya Kirumi. Huenda ukaona DEXRON II au III. Jina hili lilitolewa na kampuni ya General Motors ya Marekani mwaka 1967. Kama kijiti hakina maandishi, tazama kitabu cha gari au muulize fundi anayeijua aina hiyo ya gari.

Je, ni lazima kununua oili ya kampuni iliyotengeneza gari? Si lazima. Oili ya kampuni nyingine yafaa, ikiwa kopo lake limeandikwa herufi zile zile ulizozisoma. Geuza kopo, usome upande wa nyuma. Herufi zisipokuwapo, usinunue, hata kama bei ni rahisi. Oili iliyoandikwa CVT peke yake ni ya giaboksi ya namna nyingine, inayotumia mkanda. Usiitie kwenye gari la T-IV au DEXRON.

Mto Rufiji ulifurika mwaka 2024, na barabara zetu zilijaa maji. Gari likipita kwenye maji marefu, kagua oili. Ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Usiendeshe. Mwite fundi aimwage yote na kusafisha. Ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, mwite fundi pia. Kuongeza oili mpya juu yake hakutaponya giaboksi.

Ndugu msomaji, chukua daftari lako. Andika herufi ulizozisoma kwenye kijiti. Mtu anapokwenda dukani, Kibiti au Dar es Salaam, mpe karatasi yenye herufi hizo. Asitaje rangi. Alinganishe herufi za karatasi na za kopo, moja baada ya moja, kabla ya kutoa fedha.