Daftari Liulizwe kwa Kiswahili, Lakini Lionyeshe Ukurasa

Mkulima wa kata ya Daa, wilayani Karatu, anapofika katika ofisi ya chama chake cha ushirika akataka kujua mbaazi zake zimeuzwa kwa bei gani na makato yamekwenda wapi, anauliza jambo la haki yake. Zamani aliweza kuambiwa kwamba karani hayupo, arudi kesho. Leo aweza kuambiwa kwamba hesabu zote zimo ndani ya kompyuta. Kwake yeye majibu hayo mawili ni mamoja: yote humrudisha nyumbani mikono mitupu.

Sasa umezuka ufundi mpya unaoweza kuibadili hali hiyo. Mwaka 2023 kampuni za Microsoft na SAP, ambazo programu zao za kuendeshea biashara zimeenea duniani, zilitangaza mitambo ya akili mnemba inayoulizwa kwa maneno ya kawaida. Muulizaji halazimiki kujua amri za kitaalamu. Mtambo hulipokea swali, hulifasiri kuwa amri ya kutafuta katika kumbukumbu, kisha huleta jibu kwa sentensi. Vyama vyetu vya ushirika vinao mfumo wa MUVU chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na walimu wakuu wanaujua mfumo wa FFARS wa hesabu za shule. Ufundi huo hautachelewa kubisha hodi katika ofisi hizo, na hatuna budi kuamua mapema tutaupokea kwa masharti gani.

Maoni yangu ni kwamba tuupokee, kwa sharti moja: kila jibu litolewe pamoja na kumbukumbu lilikotoka, kwa Kiswahili, ili mwanachama aweze kulihakiki.

Sharti hili lina historia. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya hesabu zilizotegemea mashine hizo kuvurugika. Marufuku hayo yaliondolewa baadaye, na wako wanaoyacheka leo. Lakini fundisho lake si la kuchekwa: hesabu ambayo mwenye mali hawezi kuihakiki ni hatari kwake, hata ikitolewa na mashine ya thamani kubwa.

Tena mtambo huu una kasoro yake: hukosea kwa ufasaha. Tuchukue vitunguu vya Mang'ola, katika Bonde la Eyasi. Mtu akiuliza magunia mangapi yameuzwa mwaka huu, jibu litakuja mara moja. Lakini ni gunia lipi? La kilo 100, au lumbesa inayokatazwa na Sheria ya Vipimo? Na mwaka upi? Unaoanza Januari, au mwaka wa fedha unaoanza Julai? Na kuuzwa ni mzigo kutoka ghalani, au fedha kuingia benki? Karani mwangalifu angemwuliza mkulima anakusudia nini. Mtambo usiofundishwa vema huchagua wenyewe maana mojawapo, ukanyamaza juu ya uchaguzi huo. Na kama magunia yaliandikwa bila kilo, hakuna akili, ya mtu wala ya mashine, itakayoyapima baada ya lori kuondoka.

Watakuwapo watakaosema kwamba mambo haya waachiwe wataalamu, kwa kuwa mkulima hayawezi. Hoja hiyo ni ya zamani, nayo tulikwisha kuikataa. Mwaka 1967 Serikali iliagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, ili mwananchi asihitaji mkalimani katika nchi yake mwenyewe. Haifai leo mkalimani huyo arudi kwa jina la programu. Wengine watahofia siri za watu, na hofu hiyo ni ya haki. Mwanachama aulize hesabu zake na za chama. Deni la jirani yake lisiwe jibu la swali lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo kwa ajili hiyo.

Ndugu maofisa wa ushirika, kazi inaanza kabla mtambo haujafika. Kila mzigo uandikwe kwa kilo, kwa tarehe na kwa bei, siku ile ile unapopokewa. Nanyi ndugu walimu, mfundisheni mtoto kuuliza swali lisilo na maana mbili, kisha alihakiki jibu kwa kalamu na karatasi. Mtoto huyo ndiye atakayekaa na baba yake mbele ya mtambo huo kesho.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tuongeze kwamba daftari linalojibu bila kuonyesha ukurasa wake nalo laweza kupoteza mali, huku mwenyewe akishukuru kwa kujibiwa vizuri.